Baraza la Sinema la Ouagadougou

Watu wengi hudhani kwamba kutazama sinema ni kazi ya macho tu. Mtu huingia, hukaa, taa huzimwa, picha hupita mbele yake, kisha taa huwashwa na kila mmoja hushika njia ya kwao. Lakini wazee wetu hawakuzipokea hadithi kwa namna hiyo. Hadithi iliposimuliwa kando ya moto, au habari ilipoletwa barazani, wasikilizaji hawakunyamaza. Waliitikia, waliuliza, walibisha, na mwisho mwenye busara alitafuta maana yake. Katika insha hii nataka kueleza habari za mkutano mmoja mkubwa ulioichukua desturi hiyo ya baraza na kuitia katika sinema. Mkutano huo ni tamasha la filamu la Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, nchi ambayo hapo kwanza iliitwa Volta ya Juu. Tamasha hilo lilianza mwaka 1969, na kwa miaka mingi sasa limekuwa likifanyika mara moja katika kila miaka miwili. Jina lake fupi, ambalo Afrika nzima hulijua, ni FESPACO.

Ili tufahamu kwa nini watu hao walikutana, yafaa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1934 Pierre Laval, aliyekuwa Waziri wa Makoloni wa Ufaransa, alitoa amri kwamba mtu ye yote asipige picha za sinema katika makoloni ya Afrika ila kwa idhini ya serikali. Serikali ilijipa haki ya kukagua maandishi ya filamu na kuwachunguza watu waliotaka kuitengeneza. Amri hiyo iliwafunga mikono Waafrika hasa. Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Dahomey, nchi iitwayo Benin siku hizi, alisomea kazi ya filamu mjini Paris. Yeye na wenzake walipokosa ruhusa ya kupiga picha katika Afrika, walitengeneza filamu yao mwaka 1955 katika Paris yenyewe, wakionyesha maisha ya Waafrika waliokaa huko. Wakaiita Afrique-sur-Seine, kwa jina la mto upitao katika mji huo. Fikiri, msomaji: mwana wa nyumba anaruhusiwa kusimulia habari za ugenini, lakini habari za kwao hana ruhusa ya kuzisimulia.

Huku kwetu Afrika Mashariki mambo hayakuwa mbali sana na hayo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walitengeneza filamu huko Vugiri, Tanganyika, wakazipeleka kwa magari hata vijijini katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za jirani. Nyingine zilifundisha habari za minyoo, nyingine faida ya kuweka fedha katika benki ya posta. Waafrika walionekana katika picha hizo, na Kiswahili kilisikika, lakini aliyeamua ni hadithi gani isimuliwe alikuwa mtu mwingine. Mtazamaji alifundishwa, wala hakuulizwa.

Uhuru ulipokuja katika nchi nyingi mnamo mwaka 1960, bendera zilibadilika, lakini majumba ya sinema hayakubadilika. Katika nchi nyingi zilizokuwa chini ya Ufaransa, kazi ya kuleta na kuonyesha filamu ilikuwa mikononi mwa kampuni mbili za kigeni, yaani COMACICO na SECMA. Hizo ndizo zilizochagua filamu zitakazoonyeshwa, na kwa kawaida zilileta filamu za bei rahisi kutoka ng'ambo. Mwafrika aliyetengeneza filamu alifanana na mkulima aliyevuna mahindi mengi, akafika sokoni akakuta meza zote zimekwisha kukodishwa na wageni. Filamu yake iliweza kusifiwa Ulaya, na mama yake mzazi asiione kamwe.

Mtu mmoja aliyelijua sana jambo hilo alikuwa Ousmane Sembène wa Senegali. Alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor. Alifanya kazi nyingi za mikono, na kwa miaka kadhaa alikuwa mpakuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille. Huko alijisomea vitabu, kisha akawa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa. Lakini alitambua kwamba watu wa kwao aliowaandika, wavuvi, wakulima na wanawake wa sokoni, hawakuweza kuzisoma kurasa zake. Ndipo akaenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu, hali umri wake umekaribia miaka 40. Aliporudi alitengeneza Borom Sarret mwaka 1963, filamu fupi ya mwendesha mkokoteni mjini Dakar, na La Noire de… mwaka 1966. Alipenda kuiita sinema shule ya jioni, mahali ambapo mtu asiyejua kusoma huweza kujifunza pamoja na msomi. Sembène alikuwa miongoni mwa waasisi wa baraza hili ninalolieleza, na alihudhuria tena na tena mpaka uzee wake. Alifariki mwaka 2007.

Mwanzo wa tamasha lenyewe ulikuwa mdogo. Mjini Ouagadougou palikuwa na watu wachache waliopenda sinema, waliokuwa na desturi ya kukutana kutazama filamu na kuzizungumzia. Waliona ni aibu kwamba filamu za Waafrika zaonekana Paris na hazionekani kwao. Basi wakaamua kuandaa juma la sinema ya Kiafrika. Mwenyekiti wa kamati yao alikuwa mwanamke kijana aliyefanya kazi ya televisheni, jina lake Alimata Salembéré. Mwezi Februari 1969 mkutano ulifunguliwa. Zilionyeshwa filamu 23 hivi, na nchi tano za Afrika zilishiriki, nazo ni Volta ya Juu yenyewe, Senegali, Niger, Kodivaa na Kameruni, pamoja na Ufaransa na Uholanzi. Hapakuwa na mashindano wala tuzo. Hata hivyo, watazamaji walifika kama 10,000. Kwa nchi maskini, isiyo na pwani, ambayo kilimo chake hutegemea mvua chache, hilo lilikuwa jambo kubwa. Kumbe watu walikuwa na njaa ya kujiona wenyewe!

Maneno yaliyosemwa katika mikutano ya namna hiyo hayakupotea hewani. Mwezi Januari 1970 serikali ya Volta ya Juu iliyataifisha majumba ya sinema yaliyokuwa mikononi mwa kampuni za kigeni. Kampuni hizo zilikasirika, zikakataa kuleta filamu, kwa kuwa zilijua kwamba jumba la sinema lisilo na filamu ni kama duka lisilo na bidhaa. Lakini serikali haikurudi nyuma. Sehemu ya fedha za tikiti ilianza kuwekwa akiba ili isaidie kutengeneza filamu za nchi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 filamu ndefu ya kwanza ya Volta ya Juu, Le Sang des parias ya Mamadou Djim Kola, ilikamilika. Mwaka 1970 pia watengenezaji filamu wa Afrika waliunda shirikisho lao katika mkutano wa Carthage, nchini Tunisia. Katika mwaka 1976 Ouagadougou ikapata chuo cha kufundishia kazi ya sinema. Hapo ndipo alipoanzia masomo yake Idrissa Ouédraogo, ambaye filamu yake Tilaï ilishinda tuzo kuu ya tamasha mwaka 1991.

Tuzo hiyo yenyewe ina hadithi yake. Mwaka 1972 tamasha liliwekwa rasmi kuwa shughuli ya taifa, na mashindano yakaanza. Mshindi wa kwanza alikuwa Oumarou Ganda wa Niger. Alipewa sanamu ya farasi dume iitwayo Farasi wa Yennenga. Masimulizi ya Wamosi husema kwamba Yennenga alikuwa binti mfalme, hodari wa vita na wa kupanda farasi. Baba yake, kwa kumthamini sana vitani, alimkataza kuolewa. Binti akatoroka juu ya farasi wake, akafika msituni, akakutana na mwindaji wa tembo aitwaye Riale. Wakazaa mtoto, wakamwita Ouédraogo, maana yake farasi dume, na kutoka kwake ukatoka ukoo wa wafalme wa Wamosi. Waandaaji wangeweza kuchagua mfano wa dhahabu wa mti au wa nyota, kama wafanyavyo watu wa mahali pengine, lakini walichagua hadithi ambayo bibi aliweza kumweleza mjukuu.

Sasa tulitazame baraza lenyewe, maana hapo ndipo penye utamu. Siku za tamasha mji mzima hugeuka. Ufunguzi hufanywa mara nyingi katika uwanja mkubwa wa michezo, kwa ngoma na muziki, na maelfu ya watu wa kawaida huingia. Barabara hujaa pikipiki zinazokimbilia majumba ya sinema. Wafanyabiashara hupanga vitambaa, sanamu za shaba na vitabu, na wauza nyama ya kuchoma huwasha moto mpaka usiku. Watu husimama foleni pamoja, waziri na fundi cherehani, mwanafunzi na mgeni kutoka mbali. Ndani ya jumba hakuna kimya cha makaburini. Watazamaji hucheka kwa sauti, humwonya shujaa, humzomea mdanganyifu. Mtengenezaji filamu aketiye nyuma hupata hukumu yake papo hapo, kabla ya waandishi wa magazeti kuinua kalamu.

Baada ya filamu huja mazungumzo. Kuna mikutano ambayo aliyeitengeneza hukaa mbele na kuulizwa maswali na ye yote: Kwa nini mzee yule alikufa? Je, desturi ile ni ya kweli, au umeitia ili kuwapendeza Wazungu? Kuna pia kongamano la wasomi, ambapo hotuba husomwa kuhusu lugha, historia, mafunzo na fedha. Hatimaye kuna mazungumzo yasiyoandikwa katika ratiba. Kwa miaka mingi wageni walikutana katika Hoteli Indépendance, kando ya bwawa la kuogelea, wakabishana mpaka usiku wa manane. Huko kijana asiyejulikana aliweza kukaa meza moja na Sembène na kumwuliza neno. Walio wengi waliofika hapo hukiri kwamba walijifunza mengi mezani kuliko darasani. Na katikati ya mji pana mnara wa heshima ya watengenezaji filamu, uliofanywa kwa mfano wa vifaa vya kazi yao. Wakati wa tamasha hushikana mikono wakauzunguka, wakiwakumbuka wenzao waliotangulia mbele ya haki.

Katika mazungumzo hayo, swali la lugha lilirudi mara nyingi. Sembène alikuwa ameandika kisa cha mzee wa Dakar aliyeletewa hawala ya fedha na mpwa wake aliyeko Paris. Mzee huyo hakujua kusoma, wala hakuwa na kitambulisho, na kila mlango aliobisha ulimpeleka kwenye mlango mwingine, mpaka fedha zote zikaliwa na wajanja. Kitabu alikiandika kwa Kifaransa, lakini filamu yake, Mandabi, ya mwaka 1968, wahusika wake husema Kiwolofu. Wengine waliona kwamba kutumia lugha ya nchi moja ni kujifungia soko. Wengine wakajibu kwamba mzee wa Dakar asemaye Kifaransa kizuri akiwa kwake nyumbani ni uongo, na uongo hauwezi kuwa shule. Shauri hilo halijaisha. Lakini ni jambo la kupendeza kwamba mwaka 2025 tuzo kuu ilikwenda kwa Dani Kouyaté wa Burkina Faso kwa filamu Katanga, ambayo ni tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare iliyogeuzwa na kusemwa kwa Kimoore, lugha ya Wamosi. Kouyaté ni mtoto wa ukoo wa wasimulizi, watunzaji wa historia kwa mdomo. Hivyo kitabu cha Mwingereza wa kale kilipita kinywani mwa msimulizi wa Kiafrika kikawa hadithi ya wenyeji.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba baraza hili lilikuwa la amani siku zote. Kapteni Thomas Sankara, aliyetwaa madaraka mwaka 1983 na kuipa nchi jina jipya mwaka uliofuata, alilipenda sana tamasha. Aliona kwamba filamu ni silaha ya ukombozi, akawaalika pia watu weusi wa Marekani na visiwa vyake. Katika tamasha la 1985 watengenezaji filamu walikwenda kusaidia kulaza reli iliyokuwa ikijengwa kuelekea kaskazini. Mwaka 1987 tuzo kuu ilipewa Sarraounia ya Med Hondo wa Mauritania, filamu ya malkia aliyepigana na majeshi ya Wafaransa mwaka 1899. Miezi michache baadaye, tarehe 15 Oktoba 1987, Sankara aliuawa. Tamasha liliendelea chini ya watawala wapya. Hapo pana jambo la kufikiri. Baraza linalolishwa na serikali hupata nguvu ya serikali, lakini pia hukaa karibu na hatari zake.

Mgogoro mwingine uliumiza mioyo zaidi. Mwaka 1991 iliitishwa warsha ya wanawake wa Afrika wanaofanya kazi za filamu. Walifika pia wanawake wenye asili ya Afrika kutoka Marekani na Ulaya, wakiwa na furaha ya kurudi nyumbani kwa mababu. Mkutano ulipoanza, wale wasiozaliwa barani waliombwa watoke. Wengine walilia. Waliosalia walikuwa na sababu zao: shida za mafunzo, fedha na familia zilizomkabili mwanamke wa Bamako au Dakar zilikuwa tofauti, nao walitaka nafasi ya kuzieleza bila kusemewa na ye yote, na humo waliweka msingi wa chama chao. Lakini waliotolewa walikuwa na swali zito: kama si hapa, ni wapi tutakapoitwa ndugu? Mimi naona kwamba pande zote mbili zilisema kweli, na ndiyo maana habari hii yakumbukwa hata leo. Hekima ya baraza haipimwi kwa wale waliomo tu, bali pia kwa namna inavyowaambia walio mlangoni.

Jambo la wanawake lina upande mwingine pia. Mwanamke aliongoza kamati ya kwanza. Safi Faye wa Senegali alitengeneza filamu yake ndefu, Kaddu Beykat, mwaka 1975. Tuzo yenyewe ina jina la binti mfalme. Lakini tangu mwaka 1972 hata tamasha la 2025, hakuna mwanamke aliyepata kushinda tuzo kuu ya Yennenga. Katika miaka ya karibuni neno hili limesemwa wazi katika mikutano ya Ouagadougou, na ni vema lisemwe.

Dhiki nyingine hazikutoka kwa watu tu. Mwezi Septemba 2009 mvua kubwa iliufurikisha mji, maji yakaingia katika makao ya tamasha na kuharibu filamu na kumbukumbu zilizotunzwa humo. Oktoba 2014 wananchi waliinuka na kumwondoa Rais Blaise Compaoré aliyetawala miaka 27, na katika ghasia hizo Hoteli Indépendance, ile nyumba ya mazungumzo, ikachomwa moto. Mwaka 2015 ilihofiwa kwamba kuonyesha filamu Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, inayosimulia mji uliotekwa na wapiganaji wa itikadi kali, kungeleta mashambulizi. Palikuwa na mawazo ya kuiondoa, lakini mwishowe ikaonyeshwa chini ya ulinzi. Mwaka 2021 tamasha liliahirishwa kutoka Februari hadi Oktoba kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwaka 2022 nchi ilipinduliwa mara mbili, na vita vya vikundi vyenye silaha viliwafanya watu wengi kuyahama makwao. Hata hivyo, mwaka 2023 na 2025 watu walikuja, wakakaguliwa milangoni, wakaketi, wakatazama, wakazungumza.

Sisi wa Afrika Mashariki tulichelewa kuketi katika baraza hilo, lakini tumefika. Mwaka 2019 tuzo kuu ilikwenda kwa Joël Karekezi wa Rwanda kwa filamu ya askari wawili waliopotea katika msitu wa Kongo, na Kiswahili husikika ndani yake. Mwaka huo huo Mkenya Samantha Mugatsia alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mwaka 2021 mshindi alikuwa Khadar Ayderus Ahmed, mzaliwa wa Somalia, kwa kisa cha mchimba makaburi atafutaye fedha za kumtibu mkewe.

Je, baraza hili limefaulu? Mtu mwenye haki atajibu kwa uangalifu. Tangu miaka ya 1980 majumba mengi ya sinema ya Afrika yamefungwa au kugeuzwa maduka na nyumba za ibada, na filamu nyingi zinazosifiwa Ouagadougou bado hazipati njia ya kuwafikia watu wa nchi zilikotengenezwa. Yale mahindi ya mkulima bado hayajapata meza ya kutosha sokoni. Lakini ni lazima tukumbuke walikoanzia. Mwaka 1934 Mwafrika alihitaji ruhusa ya serikali ya kikoloni ili asimulie habari za kijiji chake. Leo anayemhukumu ni jirani yake aliyelipa tikiti na aliye tayari kumwuliza maswali. Mabadiliko hayo hayakuletwa na mashine za sinema peke yake. Yaliletwa na watu waliokubali kukaa pamoja baada ya taa kuwashwa.

Vijana wa shule zetu wana nafasi ambayo waasisi wale hawakuwa nayo. Katika Kenya mashindano ya maigizo ya shule na vyuo yana sehemu ya filamu, na simu ndogo ya mkononi yaweza kupiga picha ambazo Vieyra hakuruhusiwa kuzipiga. Kifaa kimekuwa rahisi. Baraza halijawa rahisi. Basi, mtakapoonyeshwa filamu shuleni, ombeni nusu saa zaidi. Yule aliyeitengeneza asimame mbele, na aliye nyuma kabisa apewe nafasi ya kuuliza. Mkibishana kwa adabu, mkasikilizana hata mwisho, mtakuwa mmeanza kazi ile ile ambayo watu wachache waliianza katika mji wa vumbi jekundu, mwezi Februari mwaka 1969.